Mwanangu Hali Mchunga, na Dawa Anaitapika: Nifanyeje?

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Muheza, mkoani Tanga. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume mwenye umri wa miaka 9 na wa kike mwenye miaka 4, na tunaishi pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana na ambaye ndiye aliyenifundisha kupika mboga nyingi za huku. Mboga inayopendwa kuliko zote nyumbani kwetu ni mchunga, ambao mvua zikishanyesha tunaula karibu kila wiki, kwa bada, yaani ugali wa muhogo, au kwa ugali wa mahindi. Kaka mtu anaula bila shida na hata huomba aongezwe, lakini mdogo wake akiutia mdomoni tu hukunja uso, hutoa ulimi nje na kuutema, na siku nyingine huanza kulia kabla hata sahani haijamfikia.

Nililichukulia kuwa ni jambo la mboga tu mpaka hivi karibuni alipougua malaria. Kituo cha afya kilitupa vidonge vya dawa mseto, nami nikavisaga na kuvikoroga na maji katika kijiko. Dozi ya kwanza aliitapika. Ya pili, mama mkwe alitaka nimshike mikono, naye akambana pua ili afunue mdomo apate kumeza; mtoto akapaliwa, akakohoa mpaka akatokwa na machozi, na nusu ya dawa ikaishia kwenye gauni lake. Namshukuru Mungu kwamba tulirudi kituoni akatibiwa akapona, lakini tangu siku hiyo akiona kijiko cha dawa anakimbilia uvunguni mwa kitanda.

Mama mkwe anasema nimemdekeza, kwa kuwa watoto wa zamani walinyweshwa mwarobaini na hawakuuliza kitu. Jirani yetu naye ananionya nisichanganye dawa na kitu chochote kitamu, akidai kuwa uchungu ndio nguvu ya dawa yenyewe. Nikiwa katikati ya maneno hayo nimeanza kutia sukari hata kwenye mboga ili mtoto ale, na sasa nahofia kwamba namharibia meno. Naomba unieleze: kwa nini mtoto mmoja aone uchungu ambao mwenzake hauoni, je ni jeuri au ni kweli, na kuna njia gani salama ya kuupunguza uchungu huo kwenye mboga na kwenye dawa?

Mama wa watoto wawili, Muheza

*

Dada yangu wa Muheza,

Binti yako anakuambia kweli. Ule mchunga ambao wewe unauona una uchungu wa kupendeza, yeye anauona mchungu kupita kiasi, na hiyo ni tofauti ya mwili kabla haijawa tofauti ya malezi. Hata mtoto aliyezaliwa leo, ambaye hajafundishwa lolote na mtu yeyote, akidondoshewa tone la kitu kichungu ulimini hukunja uso, hufunua mdomo na kusukuma ulimi nje, wakati tone la kitu kitamu humfanya atulie na kunyonya. Sababu yake ni kwamba mimea mingi yenye sumu ina ladha chungu, kwa hiyo binadamu huzaliwa akiwa na tahadhari hiyo tayari, na tahadhari hiyo ina kazi kubwa zaidi katika umri wa mtoto anayetambaa na kuokota kila kitu na kukitia mdomoni.

Juu ya ulimi tuna vipokezi vya ladha, na vile vinavyohusika na uchungu peke yake ni vya aina takribani 25, kila aina ikiwa na jeni yake. Jeni hizo hazifanani kwa watu wote. Jambo hili lilijulikana kwa bahati mwaka 1931, pale mkemia wa Marekani aitwaye Arthur Fox alipokuwa akimimina unga wa kemikali moja katika maabara na baadhi ya unga huo ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu mdomoni, ilhali Fox mwenyewe, aliyekuwa karibu nao zaidi, hakuonja chochote. Baadaye ilibainika kuwa uwezo wa kuonja kitu kile hurithiwa, na leo jeni inayohusika zaidi inafahamika kwa jina la TAS2R38. Kwa kuwa kila mtoto huchukua nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama, ndugu wa tumbo moja wanaweza kabisa kuketi kwenye mkeka mmoja, wakachovya katika bakuli moja, na kila mmoja akaonja mboga yake.

Kisha kuna suala la umri. Mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu mjini Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto na mama zao, wakaona kwamba miongoni mwa waliorithi aina moja ya jeni hiyo inayoonja uchungu na moja isiyouonja, watoto walikuwa wepesi zaidi kuuhisi uchungu kuliko watu wazima wenye urithi uleule. Maana yake ni kwamba hata kama binti yako amerithi ulimi wako hasa, inawezekana kabisa leo anauhisi uchungu ambao wewe umeshauacha nyuma. Kaka yake amemtangulia kwa miaka 5, na katika jambo hili miaka 5 si michache.

Sisi watu wazima tumeongeza mazoea juu ya umri. Mtu wa pwani hunywa kahawa chungu bila hata punje ya sukari na akaifurahia, lakini hakuzaliwa akiipenda. Ameizoea barazani, miongoni mwa watu awapendao, huku akitafuna kashata, halua au tende ambayo utamu wake unaupooza uchungu wa kahawa. Mtoto wa miaka 4 hana historia hiyo. Yeye ana ulimi wake tu.

Kuhusu mama mkwe, ningependa uzungumze naye kwa upole, kwa sababu ninaamini ana elimu ya jambo hili kuliko anavyojihesabia. Wazee wetu, walipotaka kumwachisha mtoto ziwa, walipaka shubiri kwenye chuchu, na mtoto ambaye jana alikuwa halali bila kunyonya aligeuza uso. Walijua vizuri kwamba uchungu una nguvu ya kumtenga mtoto na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani. Basi mtoto huyohuyo hatuwezi kutazamia auvumilie uchungu wa kitu ambacho hata hajakipenda. Na hao watoto wa zamani walionyweshwa mwarobaini, wengi wao mpaka leo ni watu wazima wanaotetemeka wakiusikia ukitajwa. Kumlazimisha mtoto chakula humfunza kukichukia, na chuki ya namna hiyo huweza kudumu hata baada ya ulimi wake kukomaa na uchungu wenyewe kupungua.

Sasa tuingie jikoni. Kuna njia mbili kubwa: kuutoa uchungu kwenye mboga, au kuufanya ulimi usiuhisi sana.

Ya kwanza nina hakika mnaitumia tayari: mchunga unachambuliwa, unaoshwa, unachemshwa, maji yanamwagwa na mboga inakamuliwa. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoleta uchungu huyeyuka katika maji hayo, ndiyo maana ukiyaonja utakuta ni machungu sana. Lakini vitamini C na baadhi ya vitamini nyingine huenda na maji yaleyale, kwa hiyo usichemshe mara tatu ili kuutokomeza uchungu wote. Chemsha mara moja, mwaga, kamua, kisha tegemea njia ya pili kwa uchungu uliobaki. Chagua majani machanga, kwa kuwa yaliyokomaa huwa machungu zaidi, na kwa sahani ya mtoto changanya kiasi kidogo cha mchunga na mchicha mwingi, ukiongeza mchunga polepole kadiri anavyouzoea. Magadi siyapendekezi, yanalainisha mboga, lakini yanaharibu vitamini ambazo ndizo tunazozitafuta.

Njia ya pili inaanzia kwenye mafuta. Vitu vingi vichungu hupenda kushikamana na mafuta kuliko kuyeyuka katika mate, na kisichoyeyuka katika mate hakivifikii vipokezi vya ulimi. Hapo ndipo tui la nazi linapofanya kazi yake. Pika mboga kwa tui jepesi kwanza, pamoja na kitunguu na nyanya, na tui zito ulitie mwishoni moto ukiwa mdogo, ukoroge taratibu lisikatike, mpaka liwe limelifunika kila jani. Ukionja wakati huo utaona uchungu unachelewa kufika na ukifika umepungua makali. Karanga zilizosagwa hufanya kazi hiyohiyo. Wajaluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria hufikia lengo hilo kwa maziwa: mnavu na mgagani, mboga mbili zenye uchungu wa kutosha, hulazwa na kupikwa tena katika maziwa mpaka zinakuwa laini na za kuvutia. Kama nazi ni ghali wiki hiyo na mna maziwa, jaribu njia yao.

Chumvi nayo ina uwezo ambao wengi wetu tunauhusisha na sukari. Mwaka 1997 watafiti wa kituo kilekile cha Monell walieleza jinsi walivyochanganya kitu kichungu na kitu kitamu, kisha wakaongeza chumvi. Uchungu ulishuka, na utamu ambao ulikuwa umezibwa na uchungu huo ukajitokeza. Kwa hiyo kabla hujachukua kopo la sukari, onja kwanza kama chumvi imekolea. Ninasema imekolea, sio imezidi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na mtoto mdogo anahitaji chini ya hapo, wakati mtoto ambaye hajatimiza mwaka hastahili kutiliwa chumvi kabisa.

Umeniuliza kuhusu sukari, na hofu yako ni ya haki. Sukari inaupooza uchungu kweli, lakini mtoto anayeonja utamu katika kila mboga atajifunza kuitaka sukari, na meno yake yatalipa. Utamu wa kutosha upo katika vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa rangi ya kahawia, katika karoti, katika boga na katika tui lenyewe. Anza kupunguza hiyo sukari kidogo kidogo kila upikapo, hata asitambue siku ilipokoma.

Lakini mapishi peke yake hayatoshi. Mtoto anahitaji kukutana na mboga ile mara nyingi bila vita. Tafiti za ulaji wa watoto zimeonyesha kwamba chakula kigeni huweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15, au zaidi, kabla mtoto hajakikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mapema sana wakihitimisha kuwa mtoto hakipendi. Mwekee kiasi cha ncha ya kijiko pembeni mwa chakula anachokipenda. Akionja, mshukuru bila shamrashamra; akitema, usimkemee; asipogusa, iondoe sahani kwa amani na ujaribu tena siku nyingine. Mwache akae karibu na kaka yake anayekula kwa hamu, kwa maana watoto huamini midomo ya wenzao kuliko maneno yetu. Na kama akikataa mchunga mwaka huu wote lakini anakula mchicha, kisamvu na matembele, afya yake haijapungukiwa na kitu, kwa hiyo usikose usingizi.

Dawa ni suala tofauti, kwa sababu dawa haisubiri mara 15. Hapa ni lazima mtoto ameze, na ni lazima ameze salama, kwa hiyo nakuomba kwa msisitizo wote nilio nao: kumbana pua kukome leo. Mtoto aliyebanwa pua huvuta pumzi kwa nguvu kupitia mdomoni wakati uleule dawa ilipo kinywani, na dawa hiyo inaweza kuingia kwenye mapafu. Kule kupaliwa ulikokuona ndiko mwanzo wa hatari hiyo. Tena njia hiyo haimsaidii hata kwa ladha, kwani pua hupokea harufu, wakati uchungu unahisiwa na ulimi, na ulimi hauzibwi kwa kubana pua.

Jirani yako amekosea kuhusu nguvu ya dawa. Uchungu ni tabia ya kemikali fulani tu. Zipo dawa kali zisizo na ladha, na zipo sumu chungu zisizotibu kitu. Mwaka 2009 kampuni ya Novartis pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture walitoa vidonge vya dawa mseto ya artemether na lumefantrine vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, ambavyo huyeyuka katika maji kidogo na vimetiwa utamu na ladha ya tunda la cheri, na vinatibu sawasawa na vile vya kusaga. Siku nyingine ukiandikiwa dawa ya malaria, uliza kwa heshima kama kituo kina vile vya watoto vinavyoyeyuka. Dawa hiyo pia hufyonzwa vizuri zaidi mwilini ikiambatana na chakula chenye mafuta, kwa hiyo maziwa au uji wenye karanga unamsaidia mtoto kwa njia mbili kwa pamoja.

Usiigeuze kanuni hiyo kuwa ya dawa zote, kwa kuwa zipo antibayotiki, kama vile doksisaiklini na siprofloksasini, ambazo maziwa huzizuia zisifyonzwe ipasavyo. Vilevile zipo tembe zilizofunikwa makusudi ili ziyeyuke polepole au ziyeyukie utumboni, na hizo hazisagwi kamwe. Swali la kumuuliza mfamasia kabla ya kuondoka dirishani ni fupi: naweza kuisaga, na naweza kuichanganya na nini?

Ukisharuhusiwa, mpe mtoto kwanza kitu baridi alambe, kwa sababu baridi huufanya ulimi uwe mzito kuonja, au mlambishe siagi ya karanga kidogo ili iutandaze ulimi. Mkalishe wima mapajani mwako. Kama dawa ni ya maji, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ulielekeze ndani ya shavu, si katikati ya ulimi wala kooni, na usukume kidogo kidogo ukimsubiri ameze. Kama imesagwa, ichanganye na kijiko kimoja cha kitu kizito na kitamu, mathalani ndizi mbivu iliyopondwa, au asali kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja; chini ya umri huo asali ni hatari. Usiitie katika bakuli zima la uji, kwani akiacha nusu ya uji ameacha nusu ya dozi, na hutajua. Mara tu baada ya kumeza mpe kinywaji anachokipenda. Sukari ya namna hii, ya kijiko kimoja kwa siku chache za ugonjwa, haina hatia. Apige mswaki baadaye.

Mwambie ukweli: hii ni chungu kidogo, tutaimeza haraka, kisha utakunywa maziwa. Usimwambie ni peremende, maana siku akikuta vidonge mezani akiwa peke yake atavila kama peremende. Na kwa sababu sasa anakimbilia uvunguni, mpe wakati huu ambao ni mzima achezee lile bomba kwa maji matupu, amnyweshe mwanasesere na akunyweshe wewe, mpaka hofu imtoke. Akitapika dawa mseto ndani ya saa moja baada ya kuimeza, dozi hiyo hurudiwa, na ni lazima urudi kituoni kuongezewa vidonge ili matibabu ya siku 3 yakamilike, kama mlivyofanya safari ile. Akitapika kila kitu, akalegea, akashindwa kunyonya au kunywa, au akapata degedege, usiendelee kujaribu nyumbani. Mpeleke hospitali mara moja, ambako dawa hutolewa kwa sindano.

Limebaki jambo moja, nalo ningependa mlizungumze na mama mkwe kwa sababu katika hilo yeye ndiye mwalimu. Upo uchungu usiopaswa kufunikwa kwa tui, chumvi wala sukari. Kwa kuwa mnakula bada, mnajua kwamba muhogo mchungu hutoa sumu ya sianidi, na kwamba unga wake ni salama pale tu muhogo ulipomenywa, ukaloweshwa au kuvundikwa kwa siku za kutosha, na kuanikwa ukakauka barabara. Mahali ambapo njaa au ukame uliwafanya watu wafupishe kazi hiyo, watoto na wanawake walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo. Umewahi kutokea hapa Tanzania, katika mikoa ya Mara na Mtwara. Mwombe bibi amfundishe mjukuu wake wa miaka 9 namna ya kuandaa makopa, na amwonyeshe muhogo wa kutafuna mbichi na ule usiotafunwa. Binti mdogo naye akitema kipande cha muhogo akasema ni mchungu, kionjeni ninyi kwanza kabla hamjamwambia ale. Kadhalika mumunye au tango likiwa chungu isivyo kawaida lina sumu isiyoondoka kwa kupikwa: mlitupe lote, hata kama limeshaungwa kwa nazi nzima.